Kosa la Dawa na Dhamana ya Muuguzi

Kiapo cha Nightingale, kilichotungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, kinamkataza muuguzi kumpa mgonjwa dawa yenye madhara kwa kujua. Je, asiyejua hana hatia? Aristotle alifundisha kwamba mtu hulaumiwa kwa ujinga uliotokana na uzembe wake mwenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi wa uuguzi huzoezwa kuhakiki mambo matano: mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. Kichupa cha potasiamu kloraidi huweza kufanana na cha maji ya kuchanganyia dawa. Potasiamu hiyo ikidungwa mshipani bila kuzimuliwa, moyo huweza kusimama. Hata hivyo, anayepanga vichupa hivyo kwenye rafu moja, au kumwachia muuguzi mmoja wodi nzima, naye ana sehemu yake ya lawama. Nia njema haitoshi. Kuhakiki ni wajibu.