Paka usiyeweza kumpeleka nyumbani ana haki gani kwako?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja mchuuzi wa samaki alinisogelea akasema: "Shekhe, nina swali, lakini usinicheke." Kijana huyu kila alfajiri huenda Tongoni, kusini mwa Jiji la Tanga, kununua samaki kwa wavuvi na kuwaleta mjini. Pale pwani yupo paka jike mwenye sikio lililochanika. Kila akisikia pikipiki yake huja mbio, naye humtupia kibua kimoja au viwili. Sasa paka yule amezaa chini ya ngalawa mbovu. Kijana angependa kumchukua, lakini amepanga chumba kimoja Ngamiani, mwenye nyumba hataki wanyama, na mwanawe mdogo ana pumu.

"Nimesikia darsa ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka," akaniambia. "Je, mimi nikimwacha pale nami nimo?"

Sikumcheka. Mtu anayeiogopa Siku ya Hesabu kwa ajili ya kiumbe kisicho na ulimi wa kumshitaki, moyo wake bado u hai. Nilimjibu, na jibu lile naona linatufaa sote.

Hadithi aliyoitaja ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini tuitazame vizuri. Mtume (s.a.w) alieleza kuwa mwanamke yule alimfungia paka mpaka akafa. Hakumpa chakula wala maji, na wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Kosa lake basi halikuwa kwamba hakumfuga paka. Alikuwa na njia mbili, kumlisha au kumwacha huru, naye alizifunga zote mbili. Ndiyo maana mafakihi wakasema kuwa mwenye kumfuga mnyama ni wajibu wake kumlisha. Asiyeweza kumfuga hakulazimishwa kumfunga.

Sasa tuiweke kando yake hadithi nyingine, nayo pia imo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alikuwa safarini akashikwa na kiu kali. Akateremka kisimani, akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa akihema na kulamba udongo kwa kiu. Akarudi tena chini, akajaza maji khofu yake, akaishika kwa meno akapanda nayo, akamnywesha. Allah (s.w) akamshukuru na kumsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama katika wanyama nako kuna ujira, Mtume (s.a.w) akawajulisha kuwa kuna ujira katika kila chenye uhai.

Tuzingatie hapa. Hadithi haisemi kuwa mtu yule alimchukua mbwa akaenda naye nyumbani. Alikuwa msafiri. Alifanya kile alichokiweza mahali pale alipokuwa, kisha akaendelea na safari yake, na kikatosha kumpatia msamaha.

Naye Abu Qatada (r.a) alipotaka kutawadha, paka alikuja kunywa katika maji yake. Akamwinamishia chombo mpaka akatosheka, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia. Basi huyu anayezunguka barazani na pwani pia ana fungu lake katika huruma yetu.

Kwa hiyo nilimwambia kijana yule: Allah (s.w) haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Kumpeleka paka nyumbani hukuweza, basi hilo limeondoka. Lakini kushindwa jambo kubwa si ruhusa ya kuacha dogo. Vichwa na matumbo ya samaki unavyovitupa, mtengee. Mwekee maji safi katika kifuu cha nazi kivulini, kwani pwani maji ni mengi lakini ni ya chumvi. Mlishie mbali na vyombo vya watu, ili wema wako usiwe udhia kwa jirani. Siku usipokwenda, mwombe mmoja wa wavuvi akushikie zamu, kwani paka yule amekwishakuzoea, na Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Muulize pia afisa mifugo juu ya chanjo, maana kichaa cha mbwa humpata paka vilevile. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.

Ama sisi tusiokwenda Tongoni, tujiulize. Paka waliojaa masokoni na mialoni wametoka wapi? Wengi wao, au mama zao, walizaliwa uvunguni mwa kitanda cha mtu, wakatiwa katika kiroba na kutupwa mbali usiku ili wasirudi. Anayefanya hivyo hamfungi paka kama yule mwanamke, lakini anamtupa mtoto asiyefumbua macho mahali asipoweza kujitafutia. Je, tofauti ni kubwa? Na watoto wetu wanapomrushia mawe paka barazani mwa msikiti, sisi tuliotoka kuswali tunacheka au tunakataza?

Inasimuliwa kuwa Sultani Baybars wa Misri, katika karne ya 13, aliweka wakfu bustani huko Cairo ili mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe. Hata sultani hakuwaingiza wote katika kasri lake. Aliwawekea utaratibu. Nasi kwa uwezo wetu mdogo, mtaa mmoja haushindwi kuwa na bakuli moja la maji.

Kijana yule alinishukuru akaondoka. Pale anapomlisha paka wake si mbali na magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya waliotutangulia. Wengi wao hatuwajui hata majina, na nyumba walizozijenga hazipo. Kilichobaki nao ni walichokitanguliza. Huenda miongoni mwao yupo aliyetanguliza kifuu cha maji.

Allah (s.w) atujaalie kuwa wenye kurehemu viumbe vyake ili naye aturehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq.