Piga Pamba, Lakini Usimwache Ndugu Yako Nje



Leo nina neno na kaka zangu, hasa sisi tunaosali Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na miji mingine ya pwani. Dada zetu wameshasikia mahubiri mengi kuhusu mavazi. Sisi wanaume huwa tunapita pembeni, kana kwamba hayatuhusu. Yanatuhusu.

Kuanzia Desemba mpaka Machi joto la huku linafika nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wa bahari juu yake. Kanisa limejaa, feni zinazungusha hewa ileile ya moto. Hapo unamwona kaka kavaa suti nzito ya poliesta, tai imemkaba, jasho linamtiririka. Tangu Utukufu mpaka Komunyo anawaza mlango tu. Mwingine, kwa joto hilohilo, kaja na kaptula na jezi ya mpira. Huyu wa kwanza anateseka bure, na huyu wa pili amesahau anakokwenda.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1387, inatufundisha kwamba tunapojiandaa kumpokea Bwana, hata mwenendo wa mwili na mavazi yetu vioneshe heshima na furaha ya saa ile. Haijataja suti wala tai. Namba 2524 inakiri kwamba namna za kuvaa kwa staha hutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Kwa hiyo kijana wa pwani halazimiki kuvaa kama mtu wa nchi ya baridi ili Mungu amwone ana adabu.

Mtaani tunasema "kupiga pamba". Sawa, basi piga pamba kweli! Kitambaa cha pamba kinanyonya jasho na kupitisha hewa, kitani vilevile. Poliesta inakufungia joto mwilini. Chagua rangi nyepesi: nyeupe, samawati, kahawia ya mchanga. Shati lisikubane, wala lisiwe gunia. La mikono mifupi, limepigwa pasi, limechomekwa vizuri, linatosha kabisa. Shati la kitenge la kushonwa na fundi wa mtaani linapendeza kuliko koti la kukopa. Na wazee wetu walishatuonesha njia: Kaunda suti, iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, ina heshima yake na haidai tai. Viatu vifute vumbi. Oga. Hayo hayahitaji mshahara mkubwa.

Kupendeza si dhambi, kaka. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hufagiliwa. Shida inaanza pale nguo inapogeuka kipimo cha mtu.

Katika jumuiya yetu kuna kijana, fundi wa kuchomelea, aliyeacha kuja Misa karibu miezi miwili. Nilipokwenda kumsalimia nilidhani anaumwa. Akanijibu taratibu, "Kaka, shati langu la kanisani limekwisha kola. Na nyie mkitoka Misa mnavyokaguana pale nje, mimi nitasimama wapi?" Sikuwa na hotuba ya kumpa. Tulikaa, tukanywa chai, Jumapili iliyofuata nikampitia tukaenda wote, yeye na shati lake lilelile. Alikuwa amelifua na kulinyoosha vizuri mno.

Jiulizeni: huyu alikosa Ekaristi miezi miwili kwa ajili ya kola! Mtume Yakobo, sura ya 2, aliliona jambo hili mapema. Anawakemea wanaompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa, huku maskini akiambiwa asimame kando. Siku hizi hatumwambii mtu asimame kando. Tunamtazama tu toka kichwani mpaka miguuni, naye anaelewa.

Na kuna jambo linalonifurahisha. Pale Asizi lipo kanisa linalokumbuka mahali ambapo Mtakatifu Fransisko, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, alivua nguo zake mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Katika kanisa hilohilo amelala Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Amevaa jinzi na raba. Mmoja alivua, mwingine amevaa, na wote wawili ni watakatifu. Maana wote walikuwa wamemvaa Kristo kwanza.

Wiki hii fanya mambo mawili. Jumamosi jioni piga pasi nguo yako ya Misa, usingoje asubuhi. Ukiwa hapo kabatini, mkumbuke Yohane Mbatizaji katika Luka 3:11, anayemtaka mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Hesabu mashati yako. Halafu mfikirie kijana mmoja ambaye hujamwona kanisani muda mrefu, umpitie. Usiende na shati mkononi kama mfadhili. Nenda kama ndugu, mengine yatafuata.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyevuliwa mavazi yako pale Kalvari, tuvike huruma, unyenyekevu na upendo. Tusimfungie mtu yeyote mlango wako kwa macho yetu. Amina.