Ramadhani 17: Paka wa nyuma ya matangi



Yule paka mwenye jeraha la mguu, anayelala nyuma ya matangi ya udhu, wengi mmemwona. Juzi kati baada ya tarawehe nilimkimbiza mimi mwenyewe, na kanzu yangu, eti namsaidia. Akaruka ukuta kwa miguu mitatu. Alipotua alilia, na kilio kile nilikuwa nacho mpaka daku.

Nikajiuliza: asiyetaka kusaidiwa, je, mimi nishatoka lawamani? Nafsi ikajibu haraka, "Si amekimbia mwenyewe!" Jibu rahisi mno hilo. Paka haioni nia yangu. Anachoona ni mtu anamjia mbio, na wanaomjia mbio washamrushia mawe.

Sahaba Abu Qatada (r.a.) alikuwa na maji ya udhu, paka akaja. Hakumshika. Alimwinamishia chombo mpaka akanywa. Aliyefuata hali ya mwenzake ni mtu, si paka. Mimi nilifanya kinyume.

Basi siku tatu hizi namwekea dagaa pale pale baada ya magharibi, natoka zangu. Siku tatu kwa kidonda ni nyingi, najua. Leo dagaa watakuwa ndani ya tenga la kuku, kamba ya mlango nitaishika kwa mbali. Akiingia tunalifunika kwa khanga, maana giza humtuliza, kisha kwa daktari wa mifugo. Asimshike mtu kwa mikono mitupu. Akikuuma, osha kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali hapo hapo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha.

Watoto leo wabaki upande wa mbele, tafadhali. Mwenye tenga anijulishe kabla ya futari.