Nywele Zilizokwisha Kuaga

Weka hilo chanuo chini, mjukuu wangu, ukae. Kila asubuhi unaokota nywele sakafuni na kuzifunga kwenye leso. Juzi ulisema ni macho ya jirani, jana sabuni, leo eti mtoto anakunyonya hadi nywele. Mtoto hana kosa, na kunyonyesha hakung'oi nywele.

Kichwa kina nywele kama 100,000, na kila unywele una zamu yake. Hukua miaka kadhaa, hunywea wiki mbili tatu, kisha hupumzika miezi kama mitatu, upo tu, haukui. Mwingine ukichipua chini yake, ule wa zamani hudondoka kama jino la utoto. Hata mwenye afya njema hupoteza 50 hadi 100 kwa siku.

Ulipokuwa na mimba, homoni ya estrojeni ilizuia nyingi zisiende kupumzika. Ukajisifia kichwa kile, nami nikanyamaza. Ulipojifungua homoni ikashuka, zikaingia mapumzikoni kwa mkupuo. Mwanao sasa ana miezi minne. Nywele unazookota leo ziliaga tangu siku za uzazi. Jirani mwache na macho yake. Hata aliyeugua homa kali hupona, akasahau, miezi miwili mitatu baadaye nywele zikamtoka, naye akalaumu mafuta aliyopaka jana.

Utazame huo uliodondoka. Upande uliokuwa kichwani una kitone cheupe: umemaliza zamu yake, na kinyweleo kimebaki ndani ya ngozi, kitaotesha mwingine.

Ninachokukataza ni rasta nzito za kubana. Unaficha upungufu wa muda kwa kujitafutia upara wa kudumu, maana nywele za pembeni mwa paji zikivutwa miaka na miaka, vinyweleo hufa. Mwambie msusi akusuke twende kilioni, legevu, bila nyongeza. Na ule vizuri. Ukisikia kizunguzungu, nenda zahanati wakupime damu, kwani upungufu wa madini ya chuma nao hupukutisha nywele. Ukiona duara tupu, magamba au mwasho, au mtoto akatimiza mwaka nawe bado unaokota, hapo tutafute daktari.

Kabla ya hapo zitaota fupifupi mbele, zimesimama wima, hazilali kwa maji wala kwa mafuta, zikirefuka kama sentimita moja kwa mwezi. Nazo utazilalamikia, nakujua.