Mana Imekoma, Tule Mazao ya Inchi



Fungueni Yoshua 5:10-12. Miaka makumi ine wana wa Israeli walikula mana katika jangwa. Hawakulima, hawakupanda. Walipofika Gilgali wakala mazao ya Kanana, na kesho yake mana ikakoma. Mungu hakuwatupa. Aliwapa udongo, tena aliwaachia mikono.

Sisi watu wa Likasi tunajua habari hiyo. Tangu Union Minière mpaka Gécamines, mfanyakazi alipokea posho, na mtoto alijua baba atarudi na unga. Lakini miaka ya 1990 kazi ya shaba ilianguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliacha kazi ya Gécamines. Mana ikakoma. Nani alituponyesha? Ni mama aliyeshika jembe.

Hata hivi macho yetu mengi yanatazama barabara ya Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, na bei ya unga ikapanda huku kwetu. Kununua ngambo si zambi: wana wa Yakobo walishuka Misri kutafuta ngano (Mwanzo 42). Lakini nyumba inayongojea lori tu, siku lori linakawia, sufuria inalala baridi.

Tusizarau basi chakula cha kwetu. Mihogo inangoja katika udongo mpaka siku ya haja. Sombe, lengalenga na matembele vinasaidia macho na damu ya watoto. Bukari peke yake inashibisha tumbo, lakini mwili unajengwa na maharagwe, kunde na karanga. Mboga iliyochumwa asubuhi ingali na nguvu yake. Na feza tunayompa mama wa shamba inalipa masomo ya mtoto wake hapa hapa.

Lakini tuseme kweli, maana Mungu hapendi uongo hata ukiwa mtamu. Si kila udongo wetu ni safi. Mwaka 2009 walimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba inapita katika mavumbi na katika mboga za udongo ule. Basi tusilime kando ya ukuta wa kiwanda, wala tusinyweshe bustani na maji yanayotoka humo. Kuosha kunaondoa mavumbi, lakini hakuondoi kile mzizi ulichokunywa. Na sombe tuitwange na kuipika sana, maana ikiwa mbichi ina sumu.

Mtu atauliza: mjane asiye na shamba lingine atafanya nini? Swali hilo linatuangukia sisi. Sheria ya Musa iliamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, aachie maskini na mgeni (Walawi 19:9-10). Ruta aliponea hapo. Ndugu mwenye shamba mbali na viwanda, mkatie mjane mistari michache mbele ya mvua. Mwenye mbegu alete mbegu, kijana alete nguvu zake.

Mana haitarudi, wapenzi. Lakini Yule aliyeileta hajaenda popote. Tushike jembe, tushirikiane, tumshukuru.

Amina.