Deni la Mwenye Kondoo

Kondoo wa sufu hawezi kujivua manyoya yake. Kondoo wa kale walipukutisha manyoya kila mwaka, kama wafanyavyo hadi leo kondoo wa Soay wa Uskoti. Binadamu ndiye aliyechagua, kizazi baada ya kizazi, wale ambao sufu yao haikomi kukua. Mwaka 2015 kondoo mmoja wa merino aliyepotea miaka kadhaa alipatikana karibu na Canberra, Australia. Sufu aliyonyolewa ilizidi kilo 40, na alikuwa akitembea kwa taabu. Je, anayenunua mnyama kama huyu ananunua mali, au anarithi deni?

Mahali pazuri pa kulipima swali hilo ni Tamasha la Kondoo na Sufu la Maryland, Marekani, linalofanyika kila Mei huko West Friendship. Wageni wengi hukimbilia nyuzi zilizotiwa rangi. Anayetaka kufuga hujifunza zaidi penye kondoo wenyewe, na hasa wanaponyolewa. Mnyoaji humkalisha kondoo kitako, mgongo ukiegemea miguu yake. Mnyama hulegea, na mashine hupita juu ya ngozi laini ya tumbo na kinena. Utulivu ule si ridhaa. Kondoo amekosa pa kukanyaga, basi usalama wake wote umo mkononi mwa mtu.

Dini zimeliona deni hili mapema. Torati iliagiza kuhani apewe sufu ya kwanza kunyolewa, ishara kwamba hata mwenye kundi hamiliki kila kitu. Katika Uislamu, hadithi mashuhuri humhesabu kila mwenye dhamana kuwa mchunga atakayeulizwa juu ya aliowachunga. Miongoni mwa wanafalsafa, Kant alikataza ukatili kwa wanyama kwa kuwa humzoesha mtu kuwatendea watu vivyo hivyo. Hoja hiyo humsahau kondoo mwenyewe. Bentham, mwaka 1789, alikaribia zaidi alipouliza kama mnyama anaweza kuteseka.

Lakini kumwepusha na maumivu pekee hakutoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kondoo hukumbuka nyuso 50 za wenzao kwa takriban miaka miwili. Kumfuga mmoja peke yake uani, hata akishiba, ni kumdhulumu.

Zito zaidi ni suala la madume. Sufu huonekana haina lawama kwa sababu kondoo hubaki hai, ilhali karibu nusu ya wanaozaliwa ni madume, na kundi dogo huhitaji dume mmoja tu. Wengi wa waliobaki huchinjwa. Mfugaji mpya anayependa sufu lakini hayuko tayari kuchinja anaweza kuanza na madume wawili au watatu waliohasiwa: hawazalishi, na hunyolewa kila mwaka kama majike.