John Coleman, mfungaji wa ligi za chini aliyeipandisha Accrington

John Coleman alizaliwa Liverpool mwaka 1962, mwaka uleule ambao klabu ya Accrington Stanley, iliyolemewa na madeni, ilijitoa kwenye Ligi ya Soka ya Uingereza katikati ya msimu. Wakati huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyahusisha mambo hayo mawili.

Kama mshambuliaji, Coleman hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Ligi ya Soka. Maisha yake yote ya uchezaji yalipita chini ya madaraja manne ya juu, katika klabu kama Marine, Southport, Runcorn, Morecambe na Macclesfield Town, na huko, kwa hesabu inayotajwa siku zote, alizifumania nyavu zaidi ya mara 500. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki anayeijua soka ya Uingereza kupitia kibanda umiza, ligi hizo ni kama hazipo. Wachezaji wengi wa huko wana kazi nyingine mchana, hufanya mazoezi jioni na kulipwa posho badala ya mshahara. Coleman mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule. Mabao hayo hayakumpa utajiri wala jina nje ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lakini yalimfundisha jambo ambalo mastaa wengi hawapati nafasi ya kujifunza: kwamba mtu anaweza kuwa na kipaji cha kweli na bado milango ya juu isifunguke.

Ukocha aliuanza Ashton United, na mwaka 1999 akachukua Accrington Stanley pamoja na msaidizi wake wa miaka yote, Jimmy Bell. Klabu ya zamani ilikuwa imekufa mwaka 1966, na hii mpya, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa ikihangaika kwenye ligi za kanda. Ilijulikana zaidi kwa utani. Katika tangazo la maziwa la televisheni la miaka ya 1980, mtoto mmoja anasema mshambuliaji wa Liverpool, Ian Rush, amemwambia kuwa asipokunywa maziwa ataishia kuchezea Accrington Stanley. Mwenzake anauliza hao ni nani. Nchi nzima ilicheka.

Msimu wa kwanza wa Coleman timu ilipanda daraja. Mwaka 2003 ikapanda tena, ikaingia daraja la tano, na mwaka 2006 ikachukua ubingwa wa daraja hilo na kurejea Ligi ya Soka baada ya miaka 44. Kwa kejeli ya historia, Oxford United, iliyopewa nafasi ya Accrington mwaka 1962, ilishuka msimu huohuo.

Mji wa Accrington ni mdogo, wa matofali mekundu magumu na viwanda vya pamba vilivyofungwa, na uwanja wa klabu unaingiza watu wapatao 5,000. Fedha hazikuwepo. Coleman alijaza kikosi kwa wachezaji ambao klabu kubwa ziliwaacha, na hapa ndipo miaka yake ya ligi za chini ilipolipa. Aliyekataliwa hakuhitaji kujieleza kwake. Mwenyewe alikuwa mmoja wao. Billy Kee, kwa mfano, mfungaji mkuu wa timu ya 2018, alikuwa ametokea akademi ya Leicester City.

Mambo hayakwenda vizuri kila mara. Januari 2012 Coleman alihamia Rochdale, timu hiyo ikashuka daraja, na baada ya mwaka mmoja akatimuliwa. Akapita Southport na Sligo Rovers ya Ireland kabla ya kurudi Accrington Septemba 2014. Mei 2016 walihitaji ushindi mmoja nyumbani dhidi ya Stevenage ili wapande. Wakatoka sare ya bila kufungana, huku Bristol Rovers wakipata bao la ushindi dakika za nyongeza na kuwapita kwa tofauti ya mabao. Kwa kocha aliyeishi kwa kufunga, pengine hakuna mechi iliyouma kuliko hiyo. Wengi wangevunjika moyo. Yeye alikijenga kikosi upya, na mwaka 2018 Accrington ikawa bingwa wa daraja la nne na kuingia la tatu kwa mara ya kwanza tangu iundwe upya.

Hilo la 2018 ndilo kubwa kuliko yote, hata kama la 2006 ndilo linalosimuliwa zaidi. Kurejea mahali ulipowahi kuwepo kunasaidiwa na kumbukumbu na huruma ya watu. Kuwashinda wenye bajeti kubwa kwa mechi 46 kunataka kazi tu. Mwaka 2021 timu ilimaliza ya 11 katika daraja la tatu.

Ilishuka mwaka 2023. Machi 2024, ikiwa katika daraja la nne, klabu iliwafuta kazi Coleman na Bell kwa pamoja, na John Doolan, kiungo wa zamani wa timu hiyo, akapewa kikosi.